Siki ipo, muda ndio hakuna

Jumanne moja mwezi uliopita niliomba ruhusa kazini, nikaenda kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Kutoka kwangu Chanika, pembezoni mwa Dar, nilipanda bodaboda, kisha daladala mbili, nikafika saa nne kasoro. Nesi akaniambia kwa upole, "Dada, namba zimeisha. Njoo kesho saa kumi na mbili." Kesho yake sikwenda. Ruhusa ya pili ningeiomba kwa sura gani?

Kinachoniudhi ni kwamba kipimo chenyewe ni chepesi mno. Mhudumu anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja hivi, anaangalia kama pana sehemu imegeuka nyeupe. Akiona mabadiliko ya mwanzo, mara nyingi anayatibu siku hiyo hiyo kwa kuyaunguza kwa joto au kuyagandisha, nawe unarudi kwako kwa miguu yako.

Muda nao tunao mwingi kabla mambo hayajaharibika. Saratani hii inaletwa na kirusi cha HPV. Aina mbili tu, namba 16 na 18, zinahusika na takriban asilimia 70 ya wagonjwa. Wengi wetu tunaofanya ngono tunakipata wakati fulani, na mwili hukifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kikigoma kutoka, huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani, ingawa kwa mwenye VVU ambaye hajatibiwa inaweza kuwa 5 hadi 10. Miaka yote hiyo, halafu wanawake wanafikishwa hospitali ya saratani ya Ocean Road wakiwa hatua za mwisho!

Saluni nimeambiwa ni ugonjwa wa malaya. Basi mke aliyemjua mume mmoja tu maisha yake yote anaweza kuwa na kirusi hicho, kwa sababu mume naye ana historia yake. Hata kondomu inapunguza tu hatari, maana kirusi hiki kinapita kwa ngozi kugusana.

Wakubwa wakipanda jukwaani husema wanawake hatuna mwamko. Mwamko! Muuza samaki wa Feri yuko macho tangu saa tisa usiku. Sensa ya 2012 ilitukuta Dar milioni 4.36, ya 2022 ikatukuta milioni 5.38, na nyumba mpya zimeota huku pembezoni: Chamazi, Kivule, Goba, kwetu Chanika. Kazi zimebaki Kariakoo na Posta. Mwanamke anatoka giza, anarudi giza, na katikati ya hayo magiza mawili ndipo kliniki inapofunguliwa na kufungwa. Kule kijijini alikuwa na shangazi wa kumnong'oneza mambo ya mwili. Hapa ana mpangaji mwenzake, nao wanagombana kuhusu umeme wa luku.

Mimi ningepeleka siki kwenye vikoba, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa. Jumapili jioni wanawake thelathini wamekaa uani kwa mtu wakihesabu hela. Mhudumu na meza yake wakipewa chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, kazi inakwisha kabla ya ubwabwa kuiva. Kuna pia kipimo cha HPV ambacho mwanamke anajichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti cha pamba, bila kumvulia mtu nguo. Hicho kingeondoa nusu ya visingizio vyetu, vyangu vikiwemo.

Binti zetu wana nafuu. Chanjo ilianza nchi nzima 2018 kwa wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja, ikatolewa kwa wa miaka 9 hadi 14. Wangu amechanjwa shuleni, akarudi akilalamika bega. Mimi na wa rika langu tulishapitwa, tumebaki na siki.

Jumatatu nitajaribu tena. Jirani yangu muuza maandazi amesema tutakwenda wote, ila kwanza amalize beseni lake, nalo huwa linaisha saa tatu.