Mgonjwa wa vidonda vya tumbo aachiwe maharage yake

Kigoma, mtu akishaambiwa ana vidonda vya tumbo hutoka zahanati na vitu viwili: vidonge na orodha ya makatazo. Maharage asile, pilipili asiguse, ndimu, mawese, ugali wa muhogo na dagaa wa kukaanga aviache. Siku hizi wapo wauguzi wanaoiweka kando orodha hiyo, na wanalaumiwa. Wagonjwa huwaona wazembe; wenzao waliotangulia kazini huwaona wamesahau walichofundishwa.

Wanaotetea makatazo hawasemi ovyo. Mgonjwa akieleza kuwa maharage ya usiku humjaza gesi na kumchoma kifuani, anasema kweli. Chakula cha mafuta mengi huchelewa kutoka tumboni, kwa hiyo mchuzi mzito wa mawese unaweza kumletea kichefuchefu. Kahawa huongeza asidi. Tena, ukimwambia mtu ale apendacho, wengine watachomeka humo pombe na sigara, na sigara huchelewesha kidonda kupona. Kinachomuumiza mtu akiache kwa muda. Hilo halina ubishi.

Lakini chakula kinachochokoza kidonda hakikukitoboa. Tangu madaktari Barry Marshall na Robin Warren wamtambue H. pylori, bakteria anayeishi tumboni, huko Perth, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, wakosaji wakuu wanajulikana: bakteria huyo na dawa za maumivu za aina ya diklofenaki. Kabla ya hapo tiba ilikuwa chakula. Mwaka 1915 daktari Bertram Sippy wa Chicago alipendekeza maziwa na malai kila saa. Maziwa hutuliza asidi kidogo, kisha protini na kalsiamu yake huchochea nyingine. Hata hivyo ushauri wa maziwa haujafa.

Kidonda cha duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, kikitibiwa kwa dawa ya kupunguza asidi pekee, kwa kawaida hupona ndani ya wiki 4. Bakteria akiachwa hai, zaidi ya nusu ya vidonda hivyo hurudi ndani ya mwaka mmoja. Akimalizwa, wanaorudiwa ni wachache mno. Hebu tukae kwenye mwaka huo. Mgonjwa ameshinda miezi bila maharage, maumivu yanarudi, naye anakumbuka pilipili aliyoonja harusini. Anajilaumu, anaongeza katazo la saba, na hakuna anayemuuliza kama alimaliza dozi. Akipimwa damu, kipimo kinasoma chanya, kwa kuwa antibodi, yaani kinga ambayo mwili uliitengeneza dhidi yake, hubaki mwilini miezi mingi hata bakteria akishakufa. Hapo pilipili inahukumiwa rasmi! Kinachotakiwa ni kipimo cha choo cha antijeni, kinachotafuta chembe za bakteria mwenyewe, wiki 4 baada ya kumaliza antibayotiki, na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, iwe imesimamishwa wiki 2. La sivyo bakteria hupungua kiasi cha kutoonekana, na majibu yanadanganya upande wa pili.

Dakika chache za kwenye dirisha la dawa ndizo zinazoliwa na orodha. Zingetumika kueleza dawa za siku 14: omeprazoli miligramu 20 asubuhi na jioni, nusu saa kabla ya kula, kapsuli isitafunwe, amoksilini gramu 1 mara mbili kwa siku, klarithromaisini miligramu 500 mara mbili. Mwenye mzio wa penisilini hapewi amoksilini, hupewa metronidazoli, na hapo pombe ni marufuku. Dozi hukatishwa zaidi maumivu yakishaisha huku mdomo ukiwa mchungu na tumbo linaharisha. Aliyeambiwa mapema kuwa hayo yatakuja huvumilia.

Kuna pia mpakiaji wa bandarini na mvuvi anayevuta nyavu usiku kucha. Ukiwauliza kama wanatumia diklofenaki watakataa, maana jina hawalijui. Swali lifaalo ni "Baba, mgongo ukikubana unameza nini?" na kuomba waje na pakiti yenyewe. Parasetamoli ishike nafasi hiyo, isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima.

Maharage sasa. Gramu 100 za maharage makavu zina takriban gramu 20 za protini, na madini ya chuma juu yake. Kidonda kinachovuja damu polepole huleta upungufu wa damu. Kumnyima mtu wa Kasulu au Kibondo kitoweo anacholima mwenyewe, bila kumpa mbadala, ni kumwacha na ugali na mboga za majani. Yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yachemshwe hadi yalainike kabisa, yaliwe mapema jioni. Yakiendelea kumsumbua, ataacha mwenyewe.

Ipo sehemu ambako orodha ina haki yake: magonjwa sugu ya uvimbe wa utumbo, yaani Crohn na kolaitisi ya vidonda. Ugonjwa ukilipuka, au utumbo ukiwa umebana, maharage yenye maganda na mahindi ya kuchoma huwekwa kando mpaka utulie, huku muuguzi akihesabu safari za chooni na kupima uzito. Ila ufukweni mwa Tanganyika, kuharisha damu kunaanza na kupima choo: amiba na kichocho cha tumbo vitafutwe kabla ya prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, kwa sababu amiba iliyopewa steroidi inaweza kutoboa utumbo.

Na kama karatasi ya makatazo lazima itolewe, iandikwe dalili hizi: choo cheusi kama lami, chenye kunata na kunuka, kutapika damu au kitu kama masimbi ya kahawa, maumivu ya ghafla na tumbo kukakamaa. Anayetumia vidonge vya chuma pia hupata choo cheusi, lakini hakinati. Mwenye dalili hizo asile wala asinywe, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane.