Pluto haikufukuzwa, iko kwao

Nikigusia habari za anga mbele za watu, haziishi dakika tano kabla mmoja hajauliza kwa uchungu: "Hivi Pluto iliwakosea nini?" Sisi tuliokariri sayari tisa bado tunakisimulia kile kikao cha Prague cha Agosti 2006, ambapo wataalamu wa anga waliiondoa Pluto kwenye orodha ya sayari na kuiita "sayari kibete", kama kesi ambayo mshtakiwa hakuruhusiwa kujitetea. Mimi nilishanyamaza. Hukumu naikubali, jina ndilo linalonikera.

Tuanze na Neptuni. Kila ikilizunguka Jua mara tatu, Pluto hulizunguka mara mbili. Njia ya Pluto imeinama na kurefuka, hata kati ya 1979 na 1999 ilikuwa karibu na Jua kuliko Neptuni yenyewe. Lakini kugongana hazigongani, kwa sababu kila Pluto inapoingia ndani, Neptuni inakuwa mbali kabisa. Ngoma inapigwa na Neptuni, Pluto inacheza. Wala haichezi peke yake: Orcus, gimba jingine dogo la huko mbali, na nyingine chungu nzima zinafuata mdundo huohuo wa tatu kwa mbili. Ndiyo maana ya lile sharti la Prague linalobezwa sana, kwamba sayari iwe imetamalaki njia yake. Neptuni imetamalaki. Pluto ni mmoja wa wapangaji.

Na wapangaji ni wengi. Eris, iliyogunduliwa 2005, ina kipenyo cha kilomita 2,326 hivi dhidi ya 2,377 za Pluto, ila kwa uzito inaipita kwa zaidi ya robo. Ukiipa Pluto kiti, Eris utaiambia nini? Nyuma yake kuna Makemake, kuna Haumea inayojizungusha kwa saa nne tu mpaka imerefuka kama yai. Ceres nayo, kule kati ya Mirihi na Mshtarii, iliitwa sayari tangu 1801, ikaondolewa majirani zake walipozidi kuonekana. Sijaona mtu anayeililia Ceres.

Sasa hilo jina. Kwa Kiswahili, mtu kibete ni mtu, hana upungufu wowote wa utu. Halafu tunaambiwa sayari kibete si sayari! Wangetafuta neno jingine kabisa. Ubaya wake ni kwamba msikilizaji akishasikia "kibete" anawazia jiwe lililokufa, lililotupwa gizani.

Lakini chombo cha anga cha New Horizons kilipita karibu na Pluto tarehe 14 Julai 2015, kwa umbali wa kilomita 12,500 hivi. Kwenye lile umbo la moyo lililosambaa duniani kote, upande wa magharibi, kuna uwanda unaoitwa Sputnik Planitia, upana wake karibu kilomita elfu moja. Umejaa barafu ya naitrojeni, na katika picha zile haikuonekana kasoko, yaani shimo la kugongwa na vimondo, hata moja. Maana yake uso ule ni mpya, haujakaa muda wa kutosha kugongwa. Kwenye baridi ya nyuzi 230 chini ya sifuri naitrojeni iliyoganda bado ni laini, kwa hiyo joto dogo la ndani linatosha kuipandisha taratibu katikati ya kila pande la barafu na kuishusha pembeni, kama uji mzito uliowekwa juu ya moto hafifu. Pembezoni mwa uwanda kuna vilima vya barafu ya maji, na barafu ya maji ni nyepesi kuliko ile ya naitrojeni. Inaelekea vinaelea.