Mwanafunzi wa field apewe nauli, apewe na kazi

Kwa wiki nane pale Kariakoo kazi yangu kubwa ilikuwa kubana karatasi. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa stashahada, nimepata field, yaani mafunzo ya vitendo, kwenye tawi la benki, na kila asubuhi nilikabidhiwa rundo la fomu za kufungulia akaunti: toboa, bana, panga kwenye faili kwa tarehe. Mchana natumwa chapati. Siku ya mwisho logibuku yangu, daftari la kuandika kazi za kila siku, ilisainiwa bila kurasa za katikati kufunguliwa.

Kiangazi cha 2025, nikiwa nimemaliza mwaka wa pili wa shahada huku Uingereza, nilifanya wiki tano kwenye kampuni ya kutuma fedha, maeneo ya Aldgate, London. Tangu hapo nimekuwa nikizipima wiki zile nane kwa hizi tano, na kila nikipima naumia kwa ajili ya wadogo zetu walioko vyuoni nyumbani.

Kwanza niseme nilichokuta. Asubuhi ya pili tu nilipewa kompyuta na kazi yenye jina langu: kulinganisha hesabu. Wengi tunadhani ukituma pauni kutoka huku, fedha zinapanda ndege kwenda Dar es Salaam. Haziendi. Kampuni huwa imeshaweka shilingi mapema kwenye akaunti ya benki mshirika kule nyumbani. Wewe ukilipa pauni zako hapa, kinachosafiri ni agizo tu: mlipeni fulani kiasi fulani. Ndiyo maana zinafika kwa dakika. Kila asubuhi nilikuwa nachukua maagizo ya jana, nayaweka sambamba na shilingi zilizotoka, na palipopishana natafuta sababu. Shilingi zikikauka kule kabla ya wikiendi, hasa mwisho wa mwezi, watu hawapati fedha, basi. Hilo hakuna darasa lililowahi kunifundisha.

Nikajifunza pia faida inakokaa. Tangazo linasema hakuna ada, na kweli ada haipo, lakini kiwango cha kubadilishia pauni kimeshakatwa kidogo. Tazama shilingi ngapi zinamfikia mama, usitazame neno ada. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ndizo ghali kuliko zote duniani kupelekea fedha, wakati lengo la Umoja wa Mataifa ni gharama ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Nilikuwa nalipa hiyo tofauti miaka miwili bila kuiona.

Wiki ya tatu ndiyo iliyonibadilisha. Kulikuwa na muamala umezuiwa: mzee mmoja wa Leicester alikuwa anamtumia dada yake aliyeko Lindi pauni 180. Aliandika jina la nyumbani, lile ambalo dada anaitwa tangu utotoni. Simu ya dada imesajiliwa kwa alama za vidole, kwa jina la kwenye kitambulisho cha taifa. Kwa mashine hao ni watu wawili, na mwenzangu mmoja alishaanza kuhisi utapeli. Nikaomba nimpigie mimi.

“Shikamoo baba.”

Kimya kidogo. “Marahaba mwanangu. Kumbe wewe wa nyumbani?”

Akanieleza yote: dada amelazwa, hospitali wanadai, na jina la kwenye kitambulisho hata yeye ilibidi aulize wapwa zake. Tukalipata, tukahakiki, muamala ukapita kabla ya saa nane mchana.

Msimamizi wangu aliponiita nilidhani nimekosea. Akaniuliza: majina ya kwenu yanafanyaje kazi? Nikamweleza kwamba kwetu wengi hatuna jina la ukoo kama la Waingereza. Una jina lako, la baba, la babu, kwa hiyo jina la mwisho la mtoto silo la mwisho la baba yake, na hilo si udanganyifu. Juma Hamisi Juma si kosa la uchapaji; kijana amepewa jina la babu yake. Khamis, Hamis na Hamisi anaweza kuwa mtu yule yule kwenye karatasi tatu. Mama Fulani ni jina la heshima, halitumiki benki. Na majina kama Salum au Mohamed yakikaguliwa dhidi ya orodha za watu waliowekewa vikwazo, mashine inapiga kelele kwa watu wasio na hatia, kwa sababu tu majina hayo yamejaa duniani.

Akasema, yaandike. Nikaandika ukurasa mmoja na nusu. Ijumaa ile ukaingia kwenye mwongozo wa wahakiki wote. Mimi, mwanafunzi wa wiki tatu.

Hayo niliyoyaandika niliyajua tangu Kariakoo. Pale dirishani wateja walikuwa wakirudishwa kwa tofauti ya herufi moja kati ya fomu na kitambulisho, na fomu zile nilikuwa nazishika mimi kutwa nzima. Nilishaona makosa yanajirudia wapi. Hakuna aliyeniuliza, na sikuwa na ujasiri wa kusema.

Siwasemi vibaya watu wa lile tawi. Walinipenda. Keshia mmoja, mama wa makamo, alikuwa ananiwekea nusu ya wali wake, na mvua ikinyesha ananipa nauli. Huku London watu wanakula mbele ya kompyuta, kwenye lifti hakuna salamu, na nilimaliza wiki tano bila kujua msimamizi wangu ana watoto au hana. Ukarimu ule wa nyumbani nautamani mpaka leo. Lakini upendo wa wali haukunifundisha kazi.

Halafu kuna nauli. Huku nililipwa kwa saa. Kima cha chini kwa mtu wa miaka 21 na kuendelea kilikuwa pauni 12.21. Hata huku sheria ina tundu: ikiwa mafunzo ni sehemu ya lazima ya kozi na hayazidi mwaka, mwajiri si lazima amlipe mwanafunzi kima hicho. Yangu yalikuwa ya likizo, ndiyo maana nililipwa. Kwetu, nilipanda magari mawili kwenda na mawili kurudi kutoka Chanika, kwa fedha za mama anayeuza vitenge. Rafiki yangu wa darasani, aliyekuwa anatupita wote kwenye uhasibu, aliishiwa wiki ya nne. Akamalizia kwenye duka la mjomba wake, logibuku ikajazwa usiku mmoja. Kwenye karatasi tulilingana. Yeye hajawahi kukanyaga benki kama mfanyakazi, na leo ni wakala wa fedha za simu pale stendi.

Ninachowaomba mameneja wa matawi si mshahara wa Ulaya. Nauli ya wiki nane kwa wanafunzi watatu haiwezi kulishinda tawi linalofunga mwaka na faida. Na kila mmoja apewe tatizo moja la kweli la tawi: kwa nini fomu zinarudi, kwa nini foleni ya Jumatatu haishi. Aandike kurasa mbili, asomewe, aulizwe maswali. Vyuo navyo, mkaguzi akija aombe kurasa hizo kabla ya kuangalia saini.

Mdogo wangu anaanza field Jumatatu, Mtwara. Jana nimemtumia nauli ya wiki zote nane. Nimeandika majina yake yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, na akanijibu amezipata kabla sijaweka simu chini.