Kemia ianze jikoni na pwani, kabla ya kidato cha kwanza

Mtoto wa Bagamoyo huingia kidato cha kwanza akiwa ameishi na kemia tangu azaliwe, ila hakuna aliyemwonyesha. Darasani anakutana na mambo mawili mageni kwa mpigo: somo lenyewe na Kiingereza cha kufundishia. Anakariri alama za elementi, anafaulu au anafeli, na kemia inabaki kuwa mali ya maabara. Mimi naona hili linazuilika nyumbani, mtoto akiwa darasa la tatu au la nne, kwa Kiswahili chake.

Aanze na swali moja: kitu hiki kimegeuka kuwa kingine, au kimejificha tu?

Chumvi inalijibu vizuri, na mashamba ya chumvi ya Nunge yako jirani na mji. Chota lita moja ya maji ya bahari, uyachuje kwa kitambaa, uyachemshe mpaka yakauke. Sufuria itabaki na ukoko mweupe wa gramu 35 hivi. Chumvi ilikuwemo muda wote. Jua la Nunge haliitengenezi. Linaondoa maji tu.

Kisha mpeleke kwenye kuta za Mji Mkongwe wa Bagamoyo, au magofu ya Kaole yaliyo jirani. Zile kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilitokana na kuchoma matumbawe hayohayo. Moto ukifika kama nyuzi 900 za Selsiasi, jiwe linaachia gesi ya kaboni dioksidi na kubaki jepesi. Ukilimwagia maji linatokota lenyewe, bila moto, linabomoka na kuwa unga. Unga ule ukichanganywa na mchanga na maji, ukapakwa ukutani, unaanza kuivuta kaboni dioksidi kutoka hewani, polepole, hadi unarudi kuwa jiwe. Hapa kitu kimegeuka kweli, tena kikarudi kilikotoka! Mafundi wa pwani hii waliimudu kazi hiyo karne nyingi kabla ya kitabu chochote cha shule, na watoto wetu wana haki ya kulijua hilo wakiwa wamesimama mbele ya ukuta wenyewe, wakiupapasa kwa mikono.

Nyumbani hakuna haja ya tanuri. Tumbukiza yai bichi kwenye glasi ya siki. Ganda la yai ni kalisiamu kabonati, sawa na matumbawe na makombe ya ufukweni. Vipovu vitaanza kulizunguka yai papo hapo, nayo ni kaboni dioksidi ileile. Badilisha siki kesho yake. Baada ya siku moja au mbili ganda limekwisha, na yai limebaki na utando laini unaobonyea ukiugusa. Matumbawe hai tuyaache baharini.

Kinachowashangaza zaidi watoto ni choya, ile rozela nyekundu ya kutengenezea juisi. Chemsha choya kavu kidogo, umimine maji yake mekundu kwenye glasi tatu. Ya kwanza iache ilivyo. Ya pili ikamulie ndimu: wekundu unang'aa zaidi, kwa sababu ndimu ni asidi. Ya tatu tia magadi kidogo, yale ya kulainishia maharage. Wekundu unatoweka, rangi inaelekea bluu na kijani kibichi, maana magadi ni besi, yaani kinyume cha asidi. Sasa ikamulie ndimu hiyo ya tatu. Povu linapanda, na ndimu ikitosha, wekundu unarejea. Baada ya hapo mwache mtoto ajaribu maji ya sabuni, maji ya majivu, ukwaju. Akifika kidato cha kwanza na kuambiwa habari ya asidi na besi, atakuwa anajifunza jina la kitu alichokiona kwa macho yake.

Mzazi awepo kila mara, na mtoto asionje alichochanganya. Chokaa ambayo haijazimwa, yaani iliyochomwa lakini haijamwagiwa maji, asiiguse kabisa, inaunguza ngozi na macho. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe isikutanishwe kamwe na dawa ya choo yenye asidi, kwani hutoa gesi ya klorini inayodhuru mapafu.

Kwa walimu wa shule za msingi hapa mjini nina ombi: kipindi kimoja cha sayansi kila muhula kifanyike nje, penye kuta au penye chumvi, na kingine kifanyike darasani kwa choya ya kikombe kimoja, ndimu chache, magadi, siki na mayai mawili.