Kibali cha kujenga mlimani Mwanza si hati na ada tu

Makala niliyosoma kuhusu vibali vya ujenzi imeeleza vizuri hati na ada za kibali kwa wanaojenga kwenye vilima vya Mwanza, ila imeruka mchoro. Ramani ya kiwanja tambarare haifai mlimani. Mpe mpima ardhi kazi ya kupima mwinuko wa kiwanja kwanza, kisha mhandisi aliyesajiliwa achore mkato wa mteremko (mteremko unavyoonekana ubavuni), msingi unaoshuka kwa vidato kama ngazi na ukuta wa kuzuia udongo. Hapo ndipo upeleke halmashauri.

Kinachoangusha kuta hizo mara nyingi ni maji. Yakijaa mita 2 nyuma ya ukuta, yanausukuma kwa takribani tani 2 kwa kila mita ya urefu wake wa mlalo. Kwa hiyo jaza kokoto safi sentimita 30 nyuma yake, upitishe ukutani mabomba ya inchi 3 ya kutoa maji kila mita 1.5, midomo ikiinama nje. Mafundi wengi hutoboa matundu halafu wanashindilia udongo mtupu. Udongo huo unayaziba msimu wa kwanza tu wa mvua! Na tafadhali, nusu ya nyumba isikae juu ya mwamba na nusu juu ya kifusi. Upande wa kifusi utatitia, na ufa utaanzia pale pale vinapokutana.