Saa moja ya tikiti si saa moja ya Likoni

Mimi ni mtu wa Likoni, ng'ambo ya kivuko cha Mombasa, na kila nikitaka kwenda Nairobi binamu yangu wa huko ana neno lake moja: "Panda ndege bwana, ni saa moja tu." Kila akisema hivyo mimi humwuliza, saa moja kutoka wapi?

Maana kwa mstari ulionyooka, uwanja wa ndege wa Moi wa Mombasa na ule wa Jomo Kenyatta wa Nairobi vimeachana kilomita 420 hivi. Angani hasa unakaa dakika arobaini na tano, hamsini. Tikiti inaandika saa moja kwa sababu inahesabu tangu ndege inapoanza kujongea hadi inapoegeshwa kule. Hapo hakuna uongo. Ila hesabu hiyo haimjui mtu wa Likoni.

Safari yangu ya mwisho ndege ilikuwa ya saa mbili na nusu asubuhi. Nilitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, mama kanikabidhi mfuko wa maembe umefungwa mafundo matatu. Kivukoni tulisimama tukatazama meli ya makontena ikiingia bandari ya Kilindini polepole, kama bibi harusi. Meli ikipita, feri husubiri, hilo halina mjadala. Kuvuka, matatu hadi Magongo, kisha tuktuk. (Barabara ya Dongo Kundu imewaondolea wenye magari adha ya kivuko. Mimi sina gari.)

Uwanjani, mkanda nje, viatu nje, maembe kwenye mizani. Dada wa kaunta akanitazama, akatazama namba, akatabasamu. Nikalipia uzito wa maembe bei ambayo ningenunulia mengine Nairobi, na bado chenji ingebaki. Kumwambia mama siwezi.

Angani ndipo nisipokuwa na lawama. Ukikaa dirisha la kushoto na mawingu yakikuhurumia, Kilimanjaro unaiona imechomoza juu ya kila kitu. Hujamaliza kikombe cha chai, mnaambiwa mfunge mikanda.

Kutua, kungoja mfuko, foleni ya magari. Nilifika mjini saa tano kasoro. Hesabu mwenyewe: karibu saa sita.

Sasa treni. SGR, ile reli mpya ya kisasa, imeanza kubeba abiria tangu 2017, na kutoka Miritini, stesheni ya Mombasa, hadi Syokimau, stesheni ya Nairobi, ni kama saa tano au sita. Nikijumlisha kivuko, matatu, ukaguzi wa mbwa pale stesheni na ile treni ndogo ya kuingia mjini, napata saa nane na nusu hivi. Kwa hiyo tofauti yangu mimi na ndege si saa nne wala tano kama watu wanavyopigia hesabu. Ni mbili na nusu. Mtu wa Changamwe, aliye jirani na uwanja, ana hesabu nyingine kabisa, na simkatazi kupanda ndege yake.

Mimi ndege nitapanda nikiwa na msiba au kikao kisichongoja. Siku nyingine zote niacheni na treni, nione Tsavo na ndovu wake wekundu kwa vumbi.

Bibi yangu hajawahi kuuliza Nairobi ni kilomita ngapi. Huuliza, "Watoka saa ngapi, wafika saa ngapi?" Wiki ijayo naenda tena, na mama tayari ameanza kuchagua maembe.