Mtetemo Ubaki Kwenye Sofa, Usihamie kwa Jirani

Ukiingia duka la redio hapa Tabora kutafuta sabufa, utaulizwa unataka ya inchi ngapi, kisha utaonyeshwa boksi lililoandikwa wati elfu kadhaa. "Kaka, hii ukiifungulia mtaa mzima utajua upo." Muuzaji anasema hivyo kwa kusifia. Mimi naona hiyo ndiyo kasoro kubwa ya namna tunavyonunua vyombo vya muziki vya nyumbani. Muvi unaangalia wewe na wanao, mtaa haujaomba kushirikishwa.

Hizo wati zenyewe zisikutishe. Nyingi zinaandikwa PMPO, kipimo ambacho hakina kanuni moja inayowabana watengenezaji, kwa hiyo kila mmoja anaandika namba anayoipenda. Tafuta palipoandikwa RMS, yaani nguvu ya kudumu. Pasipoandikwa, geuza boksi usome nyuma linakula umeme kiasi gani, maana hakuna chombo kinachotoa nguvu ya kudumu kubwa kuliko ile kinachokula. Na sabufa ikijaribiwa barazani kwa muuzaji, besi yote inatokomea barabarani. Jaribio hilo halikuambii lolote kuhusu sebule yako.

Sebule ndiyo yenye maneno. Wimbi la besi ya hezi 40 (mitetemo 40 kwa sekunde) lina urefu wa kama mita 8 na nusu, na ukuta wa tofali hauna ubavu wa kulizuia kama unavyozuia sauti nyembamba. Ndiyo maana jirani hasikii hata neno moja la muvi yako, anasikia mdundo tu usiku kucha. Nyumba nyingi za kupanga kule Isevya au Ng'ambo hazina dari, na ukuta wa kati unaishia pale mbao za paa zinapoanzia, kwa hiyo sauti inapita juu kwa juu hadi chumba cha pili. Ongeza bati lenye msumari uliolegea na vikombe vya kabatini vinavyogongana: unachosikia si besi tena, ni nyumba inalalamika. Serikali ilishatoa kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo tangu 2015, na wasimamizi wa mazingira wapo, lakini mama mwenye kichanga upande wa pili asilazimike kwenda kushtaki ndipo apate usingizi.

Kabla hujaongeza ukubwa, hamisha ulichonacho. Chumba chenye urefu wa mita 5 kina besi yake kinayoipenda, karibu hezi 34: ukiegemea ukuta wa mwisho wa urefu huo inakujaa kifuani, ukisimama katikati inapotea. Sisi tunapanga masofa kuzunguka kuta na meza katikati, basi aliye ukutani anaona besi imezidi, na aliyevuta kigoda katikati analalamika haisikiki. Wote wawili wanasema kweli. Kuongeza sauti hakumsaidii yeyote.

Dawa yake haina gharama. Iweke sabufa pale pale unapokaa, juu ya sofa, upige wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka. Kisha inama, masikio yakaribie sakafu, upite taratibu kandokando ya kuta. Pale noti zote zinaposikika kwa uzito unaofanana, pasipo moja kuvimba na nyingine kumezwa, weka sabufa hapo. Mara nyingi patakuwa si pale kwenye kona ulikoizoea. Kona inaongeza wingi wa besi, ila mara nyingi inaivuruga. Kama una mbili ndogo, ziweke katikati ya kuta mbili zinazotazamana. Zitasawazisha chumba kuliko moja kubwa.

Sasa kile kishindo cha kutikisa mwili, ambacho ndicho watu wengi wanakitafuta wanapokimbilia inchi 12. Marekani nyumba nyingi zina sakafu ya mbao, sabufa ikinguruma sakafu inatetemeka na kiti nacho. Sakafu zetu ni zege lililolala juu ya udongo, halitikisiki. Utaongeza sauti mpaka bati lipige kelele na sofa litulie tuli. Kwa hiyo kifaa kinachotufaa zaidi ni kile kidogo cha duara kinachofungwa chini ya kiti, kwa Kiingereza "bass shaker". Hakina koni kama spika. Ndani yake kuna uzito unaosukumwa na sumaku na koili, na mtikisiko wote unaingia kwenye mbao. Kwa jirani kinafika kidogo sana.

Na kwa mbao, Tabora hatuna shida. Fremu ya sofa la mninga imekakamaa, inabeba mtetemo vizuri kuliko sofa la sponji lenye fremu ya vibao laini. Mwambie seremala akate ubao wa mninga, aufunge kwa kukatisha kutoka mbao ya mbele hadi ya nyuma chini ya mikalio, ndipo kifaa kikae juu ya huo ubao. Kifungwe kwa bolti na nati zenye washa za springi. Misumari hapana, na skrubu za kawaida zitalegea mapema. Chini ya miguu ya sofa tia vipande vya mpira wa tairi, sofa lipate nafasi ya kucheza na lisigonge sakafu.

Kwa ampilifaya, mafundi wetu wameshalimaliza hilo zamani: ampilifaya ya gari. Ina kitufe cha kuchuja sauti za juu tayari, na vifaa hivi vingi vya kutikisa ni vya ohmu 4 (kipimo cha ukinzani wa umeme), mzigo ambao ampilifaya ya gari imeuzoea. Kwa kimoja cha wati 50, pawasapulai ya volti 12 yenye ampia 6 au zaidi inatosha. Ukifunga viwili sambamba vinashuka hadi ohmu 2, hivyo soma kwanza kama ampilifaya yako inaruhusu. Isiporuhusu, viunge kwa mfuatano ili ifike ohmu 8. Sauti ya kulisha ampilifaya ichukue pale sabufa inapoipata, kwa waya wa kugawa.

Kuseti, anzia sifuri. Weka muvi yenye mazungumzo marefu, uongeze nguvu kidogo kidogo. Mwanaume akiongea na kiti kikawasha makalio, mchujo uko juu mno, ushushe hadi hezi 50 au 60. Mlango ukifungwa usihisi kitu. Lori likipita, uhisi.